Ngozi yenye kuoteshwa mu labo: shida kubwa ilikuwa damu

Tarehe 2 mwezi wa saba mwaka 2010, saa za mangaribi, kamiyo moja ya kubeba esansi ilianguka pale Sange, teritware ya Uvira, ku barabara ya Bukavu na Uvira. Wakaaji wa Kivu ya Kusini wanakumbuka yenye ilifuata. Watu walikaribia, wengine na mabido mkononi, moto ukawaka, ukafika mpaka mu nyumba ambamo watu walikuwa wanaangalia mechi ya Kombe la Dunia. Zaidi ya watu 200 walikufa. Waliotoka wazima walipelekwa Uvira na Bukavu. Na mtu mwenye kuungua namna ile anafika hospitali na shida moja yenye hakuna kinini wala sindano inayoweza kuimaliza: hana tena ngozi ya kutosha.

Tunarudilia ile habari sababu mu hizi siku kuna maneno yanazunguka ku WhatsApp: eti Wazungu sasa wanachapa ngozi ya mtu na mashini, ngozi nzima yenye mishipa ya damu ndani, wanaipachika ku kidonda na mtu anapona. Wasikilizaji wamoja wanatuuliza kama ni kweli na kama itafika huku kwetu. Kuna kweli ndani, na kuna chumvi imeongezwa. Tuanze na ngozi yenyewe.

Ngozi iko na tabaka mbili

Ukitandika chini ngozi ya mtu mzima, inafika karibu meta mraba 1,5 mpaka 2, sawa shuka ya kitanda kidogo. Kwa juu kuna epidermi. Ni nyembamba sana, fasi mingi ya mwili inafika milimeta 0,1, karibu unene wa karatasi moja ya kaye. Epidermi njo inazuia maji ya mwili yasitoke na vidudu visiingie. Chini yake kuna dermi, milimeta 1 mpaka 2, na ku mgongo inapita pale. Mule ndani munakaa mishipa ya damu, mishipa ya kusikia maumivu, mizizi ya nywele, matundu ya jasho, pamoja na nyuzi za kolajeni zenye zinafanya ngozi ivutike bila kupasuka.

Ushike kitu kimoja: epidermi haina damu hata tone. Inakula kupitia dermi. Ukikwaruzika kidogo ku ukuta, ngozi ya juu inaweza kutoka na damu isionekane. Damu ikitoka, ujue umeshafika mu dermi. Hii tofauti ndogo njo inaeleza karibu miaka 50 ya kazi ya watafiti.

Inaeleza pia juu gani watu wawili wanaungua siku moja, mmoja anapona na mwingine anabakia kilema. Kama moto umegusa juu juu, ngozi inarudi yenyewe, maana mule chini mu mizizi ya nywele na mu matundu ya jasho kunabakia chembe hai, zile selile tulisoma ku masomo ya biolojia, zenye zinapanda tena kama mbegu. Lakini moto ukimaliza dermi yote, hakuna mbegu tena. Kidonda kitajifunga tu kutokea pembeni, polepole, na kovu yenye kuvuta. Kidevu kinashikana na kifua, vidole vinakunjamana, kiwiko hakinyooki. Watoto kama hawa tuko nao mu kartiye zetu, wengi waliangukia mbabula ao walimwagikiwa sufuria ya foufou. Shirika la afya duniani, OMS, linahesabu kama watu 180 000 wanakufa kila mwaka kwa kuungua, wengi wao mu inchi zenye uwezo mdogo.

Tuseme hapa hapa, maana inahusu hii dermi: maji safi ya baridi yenye kutembea, dakika 20, mara tu mtu anaungua, yanaweza kuzuia joto lisiendelee kushuka chini. Dawa ya meno, mafuta, majivu, yai, hivyo vyote havipunguze kitu, vinaleta tu uchafu. Barafu pia hapana. Kisha maji, kitambaa safi juu, na njia ya hospitali.

Kipande cha paja kinaishi namna gani

Ile waganga wanafanya leo, huku kwetu na hata Ulaya, ni grefe. Muganga anakata ngozi nyembamba ya mgonjwa mwenyewe, mara mingi ku paja, milimeta 0,2 ao 0,3 hivi: epidermi yote na sehemu ya dermi. Anaweza kuipitisha mu mashini ndogo yenye kuitoboa matundu, ivutike sawa wavu ya kuvua samaki, ifunike fasi kubwa. Kisha anaitandika ku kidonda chenye kusafishwa.

Mu siku moja ao mbili za kwanza, kile kipande hakina damu. Kinaishi kwa kunywa maji yenye yanatoka mu kidonda, sawa sponji. Ndani yake lakini kuna mishipa midogo yenye ilikatwa pamoja nacho. Mishipa ya kidonda inapanda, inakutana na ile ya zamani, na inaungana, sawa fundi anaunga tiyo mbili za maji. Karibu siku ya 5 mpaka ya 7, damu inatembea. Waganga wanasema grefe imeshika.

Paja inapona kwa wiki kama mbili, na wanaweza kukata tena pale pale. Kwa mtu mwenye aliungua mkono mmoja, inatosha. Kwa yule mwenye aliungua asilimia 80 ya mwili, utakata paja gani?

Boston, watoto wawili

Jibu la kwanza lilitoka Marekani. Mwaka 1975, James Rheinwald na Howard Green, wa chuo kikuu cha MIT karibu na Boston, walitangaza kama wamefaulu kuotesha chembe hai za epidermi ya mtu. Mbele yao, zile chembe zilikuwa zinakufa haraka mu vyombo vya labo. Wao waliziwekea kitanda cha chembe za panya zenye zilipigwa mionzi ili zisizaane tena lakini ziendelee kulisha zingine. Kwa njia hii, kipande kidogo cha ngozi, sentimeta chache tu, kinaweza kutoa mu wiki 3 ao 4 epidermi ya kufunika mwili mzima.

Mwaka 1983 kulifika hospitali ya Boston watoto wawili, ndugu wa tumbo moja, wenye waliungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili. Kwa kipimo cha wakati ule, walikuwa watu wa kuzika. Waganga walichukua vipande vidogo vya ngozi yenye ilibakia, wakaviotesha mu labo ya Green, na walifunika nayo karibu nusu ya mwili wa kila mmoja. Wote wawili waliishi. Habari yao ilichapwa mwaka 1984, na tangu pale watu walijua kama ngozi ya labo si hadizi.

Lakini waganga wenye kuitumia walikuta kasoro haraka. Ile ilikuwa epidermi peke yake. Ilikuwa laini sana, inatoka kwa kusuguliwa kidogo, inafanya malengelenge, na mara mingi haishiki kabisa. Chini yake hakukuwa dermi. Na juu gani walianza na epidermi? Si juu ina maana kupita dermi. Walianza nayo juu ni tabaka yenye haitaki damu ndani.

Kujenga nyumba, kisha kutafuta maji

Kwa upande wa dermi, wengine walijaribu njia mbili. John Burke, muganga wa kupasua, pamoja na Ioannis Yannas wa MIT, walitangaza mwaka 1981 dermi ya kutengenezwa na kolajeni ya ngombe na kitu chenye kutoka mu mifupa laini ya samaki papa, na juu yake karatasi ya silikoni. Haina chembe hai hata moja. Ni sawa nyumba yenye vyumba vitupu: chembe na mishipa ya mgonjwa zinaingia polepole, wiki 2 ao 3, kisha muganga anatoa silikoni na kuweka ngozi nyembamba juu. Inatumika mpaka leo mu hospitali kubwa za dunia.

Eugene Bell, naye wa MIT, alichagua kuweka watu mu nyumba tangu mwanzo. Alichanganya kolajeni na chembe hai zenye kutengeneza dermi, na juu akaotesha epidermi. Kutokea kazi yake kulizaliwa Apligraf, yenye Marekani iliruhusu mwaka 1998 kwa vidonda vya miguu vyenye havitaki kupona. Chembe zake zinatoka mu ngozi yenye kukatwa wakati watoto wachanga wanatahiriwa. Ndiyo, umesoma vizuri. Kule wengine wanatupa, kule njo wanaotesha. Lakini hii haibakie ku mwili siku zote, maana ni ya mtu mwingine. Inasaidia kidonda kufunga, kisha inapotea.

Kwa mabano: wengi mliona picha za waganga wa Fortaleza, inchi ya Brazil, wakifunika watu wenye kuungua na ngozi ya samaki tilapia. Ni kweli, na kwa sisi watu wa ziwa inafurahisha. Ila ile ngozi ya samaki imesafishwa na imeuawa vidudu, haiko na uhai. Ni bandeji nzuri, yenye kupunguza maumivu na kazi ya kubadilisha bandeji kila siku. Haigeuke ngozi ya mtu.

Sasa tufike ku damu. Kila chembe hai mu mwili inapashwa kukaa karibu na mshipa, milimeta 0,1 ao 0,2 tu. Ikipita pale, hewa ya oksijeni haifike, na chembe inakufa. Fikiri basi ngozi ya labo yenye tabaka mbili, yenye dermi ya milimeta moja. Wanaitandika ku kidonda. Tofauti na kipande cha paja, hii haina tiyo za kuungana nazo. Mishipa ya mgonjwa inapashwa kupanda yenyewe kutokea chini mpaka juu, na inapanda polepole sana. Epidermi, yenye inakaa mbali kupita zote, inangoja chakula chenye hakifike. Siku zinapita, inakufa kwa njaa, na vidudu vinaingia. Kadiri ngozi ilikuwa nene na nzuri mu labo, ndivyo ilikuwa inakufa upesi ku mgonjwa.

Québec: siku 4 pahali pa siku 14

Wa kwanza kuonyesha njia wazi walikuwa watu wa Québec, mu Kanada, kwenye labo yenye kuitwa LOEX ya François Auger na Lucie Germain. Mwaka 1998, Annie Black, François Berthod na wenzao walitangaza ngozi ya labo yenye mishipa midogo ndani. Walichukua chembe zenye kufunika mishipa kwa ndani, wakazitoa mu mshipa wa kitovu cha watoto wachanga, wakazichanganya na chembe za dermi mu sponji ya kolajeni.

Hapa kuna jambo lenye lilinishangaza mimi mwenyewe wakati nilisoma. Hakuna mtu alichora ile mishipa, wala hakuna alizitengeneza moja moja. Chembe zilipowekwa pamoja, zilijipanga zenyewe. Chembe za dermi zinatoa vitu vyenye kuita zile za mishipa, zile zinashikana, zinajikunja, zinafanya tiyo yenye tundu katikati. Kisha wiki kadhaa, dermi ilijaa mishipa midogo midogo, mitupu, bila damu, yenye kungoja tu kufunguliwa. Kazi ya mtafiti ilikuwa kuweka majirani wanaofaa na kuwapa chakula.

Je, mishipa mitupu inafaa kitu? Walijibu mwaka 2005. Walipachika ku panya ngozi mbili: moja yenye mishipa, ingine bila. Yenye mishipa, damu ya panya ilionekana ndani ya tiyo za mtu kisha siku 4. Bila mishipa, ilichukua siku 14. Kwa mtu wa mkono, siku 10 si kitu. Kwa epidermi yenye njaa, siku 10 ni kaburi. Ile njia ya kuunga tiyo mbili, yenye inaokoa kipande cha paja, ilikuwa imepatikana pia kwa ngozi ya labo.

Wengine walifuata. Zürich, mu Uswisi, kundi la Ernst Reichmann lilitangaza mwaka 2014 ngozi yenye mishipa ya damu pamoja na mishipa ya limfu, ile yenye kubeba maji ya ziada yasijae mu kidonda. Waliijaribu ku panya wakubwa. Mwaka 2019, Pankaj Karande wa chuo cha Rensselaer, jimbo la New York, pamoja na watu wa Yale, waliichapa na mashini, na hapa njo habari ya WhatsApp inatokea. Usifikiri mashini ya kuchapa karatasi. Wino wake ni chembe hai zenye kuchanganywa na kolajeni, inamwaga tabaka kisha tabaka: za dermi, za mishipa, zile zenye kuzungusha mishipa ili isivujishe, na za epidermi juu. Chembe za mishipa zilitoka mu damu ya kitovu, na zile za kuzungusha zilitoka mu kondo ya nyuma, yenye sisi huku tunazika. Ku panya, mishipa iliungana na damu ilitembea.

Australia, mwaka 2025, kundi la chuo kikuu cha Queensland lilisema kama limepata ngozi ndogo yenye mishipa, mizizi ya nywele na mishipa ya kusikia, kisha kazi ya miaka 6. Wao walitumia njia ya Mjapani Shinya Yamanaka, mwenye alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2012: unachukua chembe ya kawaida ya mtu mzima, unairudisha kuwa sawa chembe ya mimba changa, kisha unaiongoza iwe yote unayotaka.

Sasa, ku mtu?

Angalia vizuri neno lenye linarudi: panya. Mpaka sasa, ngozi ya labo yenye mishipa tayari ndani haijawa matunzo ya kawaida mu hospitali yoyote. Na panya wenyewe ni wa namna ya pekee, wenye kinga ya mwili imepunguzwa ili wasikatae chembe za mtu. Mgonjwa wa kweli kinga yake inafanya kazi, na kitu inachukia kupita vyote ni chembe za mishipa za mtu mwingine, juu damu inazigusa moja kwa moja. Jordan Pober wa Yale na wenzake wanataka kugeuza zile chembe mu urithi wake ili mwili usizitambue kama mgeni. Haijaisha.

Njia ingine ni kutumia chembe za mgonjwa mwenyewe. Québec walifanya hivyo kwa ngozi ya tabaka mbili, bila mishipa, na mwaka 2018 walitangaza matokeo ya wagonjwa 14 wenye waliungua vikali: ilishika vizuri, na ilibakia. Ila inaomba miezi karibu mbili ya kutengeneza, na mgonjwa anapashwa kubakia mzima mule ndani ya ile miezi. Kisha kuna rangi. Bila kuongeza zile chembe zenye kutoa rangi, ngozi ya labo inatoka nyeupe nyeupe hata kwa mtu mweusi. Wanajua kuziongeza, lakini ni kazi moja zaidi.

Na huku kwetu? Chembe hai zinataka joto la digri 37 usiku na mchana, na chumba kisicho na kidudu hata kimoja. Mtu mwenye kuishi Goma ao Bukavu anajua umeme wetu. Kusema italetwa na ndege, pia si rahisi: epidermi ya aina ile ya Green, yenye kuuzwa Marekani kwa jina la Epicel, inapashwa kutumika mu saa 24 tangu inafungwa. Ingine yenye inaweza kungoja ni StrataGraft, yenye iliruhusiwa Marekani mwaka 2021, sababu inagandishwa mu baridi kali na inahifadhiwa. Ni ya tabaka mbili, haina mishipa, na ile baridi yake inapita mbali frigo ya santri ya afya.

Kwa hiyo mwenye kuungua leo huku asingojee labo. Kile kipande cha paja kiko na mishipa yake tayari, na hakiombe ndege. Shida ni kwamba watu wengi wanakuja nyuma ya miezi, wakati kovu limeshakunja mkono. Kidonda cha moto chenye hakijafunga kisha wiki 3, mara mingi kinahitaji grefe, hata kama ni kidogo na hakiume tena. Kutouma kunaweza kuwa alama kama dermi imeisha pamoja na mishipa yake ya kusikia. Kama kovu limeshakunja kidole ao shingo, muganga wa kupasua anaweza kulikata, kunyoosha, na kufunika ile fasi na ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Kwa mtoto mwenye angali anakomaa, muulize muganga mapema, maana mifupa inaendelea kurefuka na kovu halirefuke nayo.